Chujio la Koko, Figo ya Mama

Kwa miaka kumi na minane nilifundisha figo kwa njia moja tu. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari hapa Makiso, na figo nilizichora ubaoni kwa chaki tatu: nyekundu kwa mshipa unaoingia, buluu kwa unaotoka, njano kwa mkojo. Kisha niliwaambia wanafunzi wafikirie chujio la koko wangu, yaani bibi mzaa mama, alilotumia kutengeneza chumvi kando ya maporomoko. Majivu yako juu, maji yanapita, kinachofaa kinashuka, takataka zinabaki. Wanafunzi waliandika kwamba figo ni chujio, nami niliwapa alama zao zote nikaenda nyumbani bila shaka hata kidogo.

Chujio lenyewe lilikuwa kikapu chakavu cha kuvulia samaki. Watu wa mama yangu ni wavuvi wa pale kwenye maporomoko, na kikapu kilichokwisha kazi mtoni hakitupwi, hupelekwa jikoni kikaanze maisha mengine. Nilikuwa msichana mdogo miaka ile ya vita, wakati mashua zilipoacha kupanda mto na chumvi ya dukani ikapotea mjini kabisa. Watu walilalamika. Koko hakulalamika, alishuka mahali maji yanapotulia, akaanza kuvuta yale majani yanayoelea ambayo sisi tunayaita kongo ya sika. Aliyaanika juu ya mawe siku nne, tano, mpaka yakakauka kabisa, akayachoma, akakusanya majivu.

Kikapu alikitandika majani ya kufungia liboke, yaani samaki wa kupikwa ndani ya majani, akajaza majivu, akakitundika kwenye miti mitatu juu ya sufuria. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji, kikombe kimoja kimoja, polepole. Mimi nimezaliwa na haraka. Nilimwaga vikombe vitatu kwa mpigo, majivu yakachuruzika yote mpaka chini, koko akanigombeza mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Basi nilijifunza kukaa. Maji yalitoka chini yakiwa na rangi ya chai, tone baada ya tone, nayo yalichemshwa alasiri nzima hadi sufuria ikabaki na ukoko wa kijivu. Hiyo ndiyo chumvi. Ilikuwa na uchungu kidogo mwishoni mwa ulimi, na samaki wa liboke aliyetiwa chumvi ile sijamla tena mwenye utamu wa namna hiyo, ingawa najua vizuri kwamba wakati ule tulikuwa na njaa na njaa hutia kila kitu utamu.

Nilipewa jina la koko. Mimi ni ndoyi wake, kama tunavyosema, na kwetu mtoto aliyebeba jina la mtu huitwa kama mtu mwenyewe. Kwa hiyo mama yangu, tangu nilipozaliwa, aliniita Mama. Alinichapa akiniita Mama, alinituma sokoni akiniita Mama. Koko alipofariki, kikapu kilibaki kimetundikwa jikoni kwa mama, cheusi kwa moshi, na hakuna aliyekigusa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mama alianza kuumwa kichwa mwaka aliotimiza miaka sitini na mitatu. Presha yake ilikuwa juu, jambo la kawaida kwa watu wa rika lake, naye alipewa kidonge. Hakikusaidia. Akapewa cha pili, kisha cha tatu, na presha ikakaa palepale juu. Mimi nilikuwa na maelezo yangu: mama hamezi dawa. Nilikuwa nikifika kwake kwa ghafla, nikimwaga vidonge kitandani na kuvihesabu mbele yake kama polisi. Hesabu ilikuwa sawa kila mara, nami bado nikasema labda anavitupa. Mama alianza kuviokota, kimoja kimoja. Sikumwomba radhi wakati ule, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Daktari mmoja, mwanamume mwenye mvi chache na sauti ya chini, ndiye aliyeona kwamba kuna kitu. Alimweka mama kwenye mashine ya kupiga picha za tumbo, akakaa nayo muda mrefu, akatuonyesha kwamba figo ya kushoto ilikuwa ndogo kuliko ya kulia, tena kwa kiasi cha kuonekana wazi. Nilimwambia nafundisha habari za figo. Nilimwambia kwamba figo ni chujio, na kwamba chujio likiharibika mkojo ndio unaobadilika, sasa presha inaingiaje hapo? Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akavuta karatasi.

Alichora figo bila chaki za rangi. Mshipa unaopeleka damu kwenye figo ya kushoto, alieleza, umekuwa mwembamba, na damu inayofika ni kidogo. Lakini figo haijui kwamba mshipa wake ndio wenye shida. Ikipata damu kidogo, inaamini mwili mzima umekauka, kama vile mtu amepoteza damu au hajanywa maji siku nyingi. Basi inatoa homoni iitwayo renini. Renini inaamsha nyingine iliyolala ndani ya damu, na hiyo, ikishakamilika, inabana mishipa ya mwili mzima, halafu inakwenda mpaka kwenye kitezi kilichokaa juu ya figo na kukiambia kitoe homoni yake. Homoni hiyo ya mwisho inarudi kwenye figo na amri: shika chumvi, shika maji, usiachie. Mishipa imebanwa, maji yamejaa, presha inapanda. Na figo ile ya kushoto, kwa kuwa mshipa wake bado ni mwembamba, inaendelea kuona ukame, inaendelea kuita.

Mama alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko mimi. Aliuliza, "Docteur, kama rein, hii figo, iko na kiu, si nikunywe mayi mingi, inyamaze?"

Daktari alicheka, akasema swali ni zuri sana. Maji, alisema, mwili wake ulikuwa nayo mengi tayari. Ni kama jirani aliyezibiwa bomba lake peke yake, akaenda kupiga kelele mtaa mzima hauna maji, na mtaa mzima ukaanza kujaza mapipa. Dawa aliyompa ilikuwa ya aina nyingine, ya kukata ule ujumbe katikati ya njia. Akasema mambo mawili zaidi. La kwanza, mama aache chumvi. La pili, arudi baada ya wiki mbili apimwe damu, kwa sababu dawa hiyo inataka kuchungwa. Nilitikisa kichwa kwa yote mawili. Njiani, nikiwa nimepakiwa kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, na mama kwenye nyingine mbele yangu, nilikuwa na hasira ya ajabu, hasira ya mtu aliyefundishwa somo lake mwenyewe.

Presha ilianza kushuka, lakini mama aliacha kula. Mtu aliyekula samaki wa maporomoko maisha yake yote, umpe pondu ya majani ya muhogo bila chumvi, lituma ya ndizi za kuponda bila chumvi, samaki bila chumvi. Alikuwa akitafuna matonge mawili, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Nguo zikaanza kumlegea. Nilijaribu ndimu, nilijaribu tangawizi, nilijaribu kumgombeza. Hakuna kilichosaidia, na nilianza kuogopa kwamba nitamponya presha halafu nimuue kwa njaa.

Wazo lilikuwa langu. Sitaki mtu mwingine abebe lawama. Nilikuwa nimekaa jikoni kwake Jumamosi moja, saa tisa alasiri, nikitazama sahani iliyoachwa, nilipoinua macho nikakiona kikapu. Daktari alikataza chumvi, na chumvi ni ile ya dukani, inayokuja kwa mifuko kutoka mbali. Hii ya koko ni ya majani. Inatoka kwenye mto wetu, imepita kwenye moto na maji, haina kitu cha kiwandani. Koko aliila akafika uzee mrefu. Hivyo ndivyo nilivyowaza, mimi mwenye diploma, mwalimu wa biolojia wa miaka kumi na minane.

Nilikishusha kikapu, nikakipangusa. Macho ya mama yalinifuata kila nilipogeuka.

Kuanzia hapo Jumamosi zetu zikawa na kazi. Nilifika saa tisa, tukashuka pamoja hadi kwenye maji matulivu, mimi nikavuta majani, yeye akakaa juu ya jiwe akinielekeza kwa fimbo. Tuliyaanika palepale koko alipoyaanika. Tulichoma yale yaliyokauka tangu wiki iliyotangulia, nami nikamwaga maji kikombe kimoja kimoja, nikiwa mtu mzima sasa, bila haraka. Moshi ulikuwa uleule. Mama alisimulia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: jinsi koko alivyomchagulia mume na mama akakataa, jinsi alivyojificha ndani ya kikapu kikubwa cha samaki siku wageni walipokuja kumposa, jinsi baba yangu, fundi cherehani kutoka ng'ambo ya mto, alivyomshonea gauni kabla hajamwambia neno. Nilicheka mpaka machozi. Chumvi niliifunga kwenye majani nikaibeba mkobani, na kila jioni nilipita haraka kumnyunyizia chakula. Na mama alikula. Alikula samaki mzima, akaramba vidole, akaomba lituma nyingine. Sijui kama katika maisha yangu ya utu uzima nimewahi kuwa na furaha kama ya zile Jumamosi tano.

Presha nayo ilikuwa nzuri. Muuguzi wa mtaani aliipima, akashangaa, akapima tena. Siku ya kupimwa damu iliangukia wakati wa mitihani shuleni, nami nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikasema ijayo. Presha iko chini, mama anakula, damu ipimwe ya nini?

Jumapili moja asubuhi mama hakuweza kuinuka kutoka kwenye kiti. Alisema miguu imekufa. Mikono ilikuwa mizito, maneno yalitoka taratibu, na nilipomshika mkono nikasikia mapigo yake yakija kwa uvivu, moja, kisha kungoja, kisha jingine. Tulimkimbiza hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Walimwekea nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi, na daktari yule wa figo akaitwa. Aliisoma karatasi huku akiwa amesimama. Moyo unachelewa, alisema, potasiamu imejaa kwenye damu, na tusipoishusha leo moyo unaweza kusimama. Wakamchoma sindano ya kuulinda moyo, wakamwekea dripu.

Alitaka kujua mama anakula nini. Nikataja vyote: samaki, pondu, lituma, ndizi. Aliuliza juu ya dawa za kienyeji, nikasema hapana. Aliuliza juu ya chumvi, nikasema kwa majivuno kabisa kwamba nyumbani kwa mama hakuna hata punje ya chumvi. Sikuwa namdanganya. Ndivyo nilivyoamini.

Mchana mama alifungua macho, akasema ana njaa. Pale hospitali kila familia huleta chakula chake, na mdogo wangu wa kike alikuwa amefika na bakuli la samaki. Nikalifungua. Kisha nikatoa kwenye mkoba wangu kile kifurushi cha majani, nikakikunjua, nikachota kwa vidole viwili na kunyunyiza, kama nilivyofanya kila siku. Daktari alikuwa anapita kati ya vitanda. Alisimama.

"Hii ni nini?"

"Haiko mungwa, haiko chumvi ya duka, Docteur. Iko ya majani, ya koko yangu."

Alichukua kifurushi. Alilowesha kidole, akagusa ile poda ya kijivu, akaiweka kwenye ulimi, na kwa muda kidogo akafumba macho. Ni mtu wa Basoko, kando ya mto huuhuu, na ile ladha aliijua. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi.

"Koko yangu naye alikuwa anatengeneza hii," alisema. "Alors, ndiyo inamuua Mama."

Alinieleza nikiwa nimeshika bakuli, polepole, kama mtu anayejua kwamba anayemweleza hatasahau. Chumvi ya dukani ni sodiamu. Chumvi ya majivu ya majani sehemu kubwa ni potasiamu. Ile homoni ya kitezi cha juu ya figo, inapoiamuru figo ishike chumvi na maji, inaiamuru pia iitoe potasiamu. Dawa ya mama ilikuwa imeukata ujumbe huo, na ndiyo maana presha ilishuka, lakini amri ya kutoa potasiamu ilikatwa pamoja nayo. Na mimi kila siku, kwa vidole viwili, nilikuwa namwongezea. Koko aliila na kuzeeka kwa sababu figo zake zilikuwa zinapokea ujumbe wote. Kisha akaniuliza ile siku ya kupima damu ilikuwaje, nami nikamtajia mitihani ya shule.

Nilikwenda kulimwaga lile bakuli. Nililia nyuma ya jiko la hospitali, kwa aibu kwanza, kwa woga baadaye. Nilikuwa karibu kumzika mama yangu kwa mkono wangu, huku nikimtazama akiramba vidole.

Mama alipona. Ilichukua siku nne potasiamu kurudi mahali pake. Dawa ilibadilishwa, lituma ilipunguzwa kwa kuwa ndizi nazo zina potasiamu, na damu yake ilipimwa kila ilipotakiwa, mitihani iwepo isiwepo. Shuleni nilibadilisha somo. Bado nachora figo kwa chaki tatu, bado nasimulia kikapu cha koko, lakini nawaambia wanafunzi kwamba mfano unaishia hapo. Kikapu kinachuja na kunyamaza. Figo inachuja, na pia inasema, na mwili mzima unaisikiliza, hata pale inapokosea.

Mwezi mmoja baada ya hospitali nilikuwa jikoni kwa mama nikikitazama kikapu. Nilikuwa nimeamua kukichoma. Nilimwambia hivyo, nikamwambia pia kwamba sitajisamehe, kwamba ningetakiwa kuona miguu ikilegea tangu mwanzo. Mama alikuwa anamenya vitunguu. Aliendelea kumenya.

"Mimi nilijua," alisema. "Miguu ilianza kulegea tangu juma ya tatu."

Niliwaka. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza, kama alitaka kufa, kama aliona ni mchezo. Nilipaza sauti kama koko alivyopaza siku ile ya vikombe vitatu. Alingoja nimalize, kama daktari alivyongoja.

"Mbele ya hii yote, ulikuwa unakuja kuhesabu dawa. Unahesabu, unaenda. Nikaona, nikisema miguu, utaacha kuchemsha, hautakuja tena kukaa." Aliweka kisu chini. "Na pale kwa moto, Mama, nilikuwa naona mama yangu."

Ndipo nilipomwomba radhi, kwa vidonge, kwa kumfanyia upolisi, kwa yote. Kikapu sikukichoma. Na Jumamosi iliyofuata nilifika saa tisa, bila kazi yoyote. Tuliwasha moto, tukachemsha chai, yeye akasimulia. Niliendelea hivyo kwa miaka mitatu, na sikukosa Jumamosi isipokuwa nilipougua mwenyewe. Alifariki mwaka juzi, mchana, akiwa usingizini kwenye kiti chake, na presha yake asubuhi ile ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Kikapu sasa kimetundikwa jikoni kwangu. Jumamosi iliyopita binti yangu alipita kwa haraka, kama kawaida yake, simu mkononi, funguo za pikipiki kwenye kidole. Alikuja kuangalia kama nimemeza dawa, maana presha imenianza na mimi. Alikifungua kikopo changu cha vidonge, akahesabu, akaniambia vizuri, akageuka kuelekea mlangoni. Anabeba jina la mama yangu.

"Mama," nilimwambia, "kaa kidogo."